Tranka la Chidya, Korosho za Mjomba

Fomu ya kujiunga na shule ya bweni ya serikali ina kurasa kadhaa, lakini nyumbani husomwa kwa makini ukurasa mmoja tu: ule wa mahitaji. Godoro la futi mbili na nusu, shuka, chandarua, ndoo yenye mfuniko, sahani na kijiko, jembe na mpini wake, fyekeo, ufagio wa chelewa, rimu ya karatasi, tranka na kufuli. Orodha hupishana kidogo kati ya shule na shule. Uzito wake mfukoni haupishani sana. Mwishoni pana nafasi ya saini ya mzazi au mlezi. Mstari mmoja, saini moja.

Huku Masasi na Newala mstari huo ni mfupi mno. Tranka linaloshushwa kwenye bodaboda mbele ya mwalimu wa zamu huenda limenunuliwa na mjomba. Godoro huenda limetoka kwa mama mdogo anayeuza vitenge sokoni Mkuti, na nauli ikachangwa na jumuiya ya kanisani au na majirani wa msikitini. Bibi naye hakukubali mtoto aondoke mikono mitupu, akamfungia korosho za kukaanga kwenye mfuko. Baba yupo, na ndiye aliyesaini. Lakini ukiuliza nani anamsomesha kijana huyu, utajibiwa kwa majina manne au matano, na ubishi kidogo juu ya nani atangulie.

Nataka kuizungumzia Chidya kwa sababu ni shule inayoonyesha jambo hili wazi kuliko nyingine ninazozifahamu kusini. Iko mashariki ya mji wa Masasi, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Ni bweni la wavulana. Ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, na watu wazima wa Masasi bado wanaikumbuka kwa jina la Mtakatifu Yosefu, enzi ilipokuwa chuo cha kuwaandaa walimu wa shule za misheni. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za madhehebu zilitwaliwa na Serikali, na Chidya ikawa ya umma kama Ndanda ya Wabenediktini kule barabara ya Lindi. Jina la mtakatifu likapungua kutajwa. Bweni likabaki, kengele ikabaki, na hata ile tabia ya kijiji kuwachukulia wanafunzi kama watoto wake haikuondoka.

Tabia hiyo ni kongwe kuliko shule yenyewe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi na kundi la watu wapatao hamsini waliokombolewa utumwani, wakiwa na nia ya kufika ziwa Nyasa. Waliishia Masasi. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, wengi wao hawana baba wala mjomba wa kuwasemea, wametupwa na biashara ya utumwa mbali na makwao. Mwaka 1882 walivamiwa na Magwangwara, yaani wapiganaji wa Kingoni, kijiji kikavunjwa, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, misheni ya Masasi ilichomwa tena moto. Kila mara waliobaki walilazimika kuunganisha undugu upya: kupeana watoto wa kulea, kupeana wasimamizi wa ndoa na wa ubatizo. Shule za eneo hili zilizaliwa ndani ya jamii iliyokwisha kujifunza kwamba ndugu ni yule anayekupokea. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayetoka Kagera leo na kushuka stendi ya Masasi saa tisa usiku anaingia kwenye desturi hiyo bila kujua.

Kisha kuna suala la mjomba. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ana sauti juu yake: katika jando, katika posa, katika kugawana mashamba, na kwa miaka mingi sasa, katika elimu. Ukristo, Uislamu na maisha ya mjini vimelegeza desturi hiyo, na leo akina baba wengi ndio wanaobeba mzigo mkubwa. Hata hivyo, kijana akifaulu kwenda bweni kikao hakikamiliki bila mjomba. Nimeyasikia mazungumzo hayo mara nyingi, na hufuata njia ileile. Mama anaanza, "Kaka, mpwa wako amechaguliwa." Mjomba anakaa kimya kwanza, kama anahesabu mikorosho yake mmoja mmoja. Halafu anauliza, "Wanataka lini?"

Swali hilo la "lini" ndilo lenye uzito kuliko "kiasi gani".

Korosho ndiyo benki ya Masasi, Newala na Tandahimba. Minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, huanza kurindima Oktoba, na fedha huingia kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, hadi karibu na Krismasi. Kwa hiyo kijana wa kidato cha kwanza anayeripoti Januari ana bahati. Mjomba amelipwa, simu imeingia ujumbe wa benki, na duka la magodoro pale mjini linafanya biashara mpaka jioni. Huo ndio msimu ambao hata bati jipya huonekana vijijini na pikipiki mpya huzunguka na plastiki yake bado kitini.

Kidato cha tano huripoti Julai. Julai mkulima wa korosho hana kitu. Ni mwezi wa kupambana na ubwiri unga, ugonjwa unaokausha maua ya mkorosho, na kila mwenye shamba anahangaika na salfa. Serikali imekuwa ikitoa pembejeo za ruzuku kwa misimu ya karibuni, na hilo limepunguza maumivu. Lakini mtu wa kupulizia anataka fedha mkononi, mafuta ya bloa yanataka fedha mkononi, na palizi haikopeshwi. Katikati ya mwezi huohuo inafika fomu ya mpwa aliyepangiwa mchepuo wa sayansi shule ya bweni, na orodha yake ya vitu.

Hapo ndipo kangomba anapoingia mlangoni. Kwa asiyemjua, huyu ni mnunuzi wa kichochoroni anayetoa fedha leo kwa korosho ambazo bado ni maua, na msimu ukifika anakuja na chombo chake cha kupimia na bei aliyoipanga mwenyewe. Ni biashara haramu, viongozi wa mkoa huikemea kila mwaka, na kila mwaka inaota tena. Husemwa kwamba wakulima wanaofanya hivyo ni walevi au wavivu wa kufikiri. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Uraka wa mabibo umeshaangusha nyumba. Lakini ukikaa na wakulima wenyewe utakuta kwamba fedha za kangomba zimenunua tranka, godoro na nauli ya kijana. Mjomba aliuza magunia ya Oktoba kwa bei ya Julai ili mpwa asichelewe kuripoti. Kumwita mtu huyo mjinga ni kutojua hesabu yake.

Msimu wenyewe ukiyumba, kila kitu huyumba nao. Novemba 2018, baada ya wanunuzi kutoa bei ambazo wakulima walizikataa, Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yakachelewa wakati uhakiki wa mashamba na wakulima ukiendelea, na shule zilipofunguliwa Januari 2019 wengi walikuwa bado wanasubiri. Walimu wa bweni waliokuwepo mwaka ule wanaijua maana yake: vijana wanaofika wiki mbili au tatu baada ya wenzao, wengine wakiwa na shuka moja na ahadi.

Sasa msomaji wa Dodoma au Dar es Salaam atauliza: elimu si ni bure? Ni kweli kwamba mzigo umepungua sana, na anayebeza hatua hiyo hakumbuki tulikotoka. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Ada ya kidato cha tano na sita, ambayo kwa bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, ikaondolewa kuanzia Julai 2022. Chakula cha wanafunzi wa bweni Serikali imekigharamia kwa kiwango kilichozoeleka cha shilingi 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku. Piga hesabu: uji asubuhi, ugali na maharage mchana, tena ugali au wali na maharage usiku, kuni, chumvi, mafuta. Kwa mamantilie wa stendi ya Masasi fedha hiyo inaweza kuishia kwenye sahani moja. Mkuu wa shule anayelisha mamia ya vijana kwa kiwango hicho bila njaa anastahili kupewa darasa la uchumi afundishe.

Waraka wenyewe haukuficha kwamba mzazi bado ana wajibu. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulifafanua mambo yanayobaki kwake: sare, madaftari, vifaa vya malazi, matibabu, nauli. Ukiyajumlisha hayo, kwa kijana anayesoma mbali na kwao, yanaizidi ile ada iliyofutwa. Nauli peke yake ya kijana wa Newala kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka si haba, na wa kutoka Mwanza au Bukoba husafiri siku nzima na zaidi.

Wa mbali ndio wanaonigusa zaidi. Kwa mpango wa kitaifa, kidato cha tano huchanganya vijana wa kila mkoa. Baadhi yao hawajawahi kuuona mkorosho, wala hawajui kwamba bibo linaacha doa lisilotoka kwenye shati jeupe. Wanafika na lafudhi zao, wanaitwa njuka kama kila mgeni alivyoitwa kabla yao, wanatumwa maji na vidato vya juu siku za mwanzo, na baada ya miezi miwili nao wanazungumza kwa mkokoto wa kusini.

Nimetaja maji. Uwanda wa Makonde ni ardhi ya ajabu: mvua inanyesha, mazao yanastawi, lakini mchanga unameza kila tone na juu hakuna mto wala kijito. Maji yako mabondeni, chini kabisa ya mteremko. Ndiyo sababu mradi wa maji wa Makonde, ulioanza enzi za ukoloni miaka ya 1950, ulijengwa kwa kuyasukuma maji juu kutoka chanzo cha Mitema, na ndiyo sababu uwanda huo umo tena kwenye mradi wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India. Shule ya bweni iliyoko ukingoni mwa uwanda huishi kwa pampu, matangi ya mvua na ndoo. Ile ndoo yenye mfuniko kwenye fomu haikuwekwa pale kwa mapambo. Pampu ikigoma, wavulana hushuka bondeni alfajiri, ndoo begani, badala ya mchakamchaka. Njiani hukutana na akina mama wa kijiji, na hapo ndipo urafiki mwingi kati ya shule na kijiji ulipoanza: kijana anamtwisha mama ndoo, mama anauliza kwao ni wapi, na Jumapili anakaribishwa muhogo wa kuchemsha na karanga.

Ugonjwa ndio kipimo chenyewe. Kijana akizidiwa usiku, shule inamfikisha zahanati, na ikishindikana anapelekwa hospitali ya Mkomaindo, mjini Masasi. Hospitali hiyo nayo ilikuwa ya misheni ya UMCA kabla ya kuwa ya Serikali, na kwa vizazi vitatu imekuwa mahali ambapo Masasi nzima hujuana. Anayeijua hospitali ya wilaya anajua kwamba dawa hutolewa na mganga lakini chakula, maji ya kuoga na shuka safi huletwa na ndugu. Wodini kila kitanda kina mtu wake pembeni, na kila asubuhi uji unaingia kwa chupa za chai kutoka mitaa ya karibu. Kijana wa Masasi akilazwa, habari inawafikia ndugu kabla ya dripu kuisha. Wa Kagera je? Simu ya mwalimu inampata mama yake akiwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo. Anaweza kutuma fedha dakika hiyohiyo kwa mtandao wa simu, lakini fedha haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Kwa hiyo anapatikana mtu. Mara nyingi ni mwanafunzi mwenzake anayepewa ruhusa ya kumuuguza. Mara nyingine ni mke wa mwalimu, au mama wa kanisani aliyeambiwa kwamba kuna mtoto wa shule yuko peke yake wodini. Hata mama wa kitanda cha jirani, aliyekuja kumuuguza mwanawe, humimina vikombe viwili badala ya kimoja. Hakuna fungu la Serikali kwa ajili ya kikombe hicho cha pili.

Ndani ya bweni undugu huu una majina yake. Wakristo wana vyama vyao vya wanafunzi, UKWATA na TYCS, Waislamu wana TAMSYA, na viongozi wa vikundi hivyo, vijana wa miaka kumi na minane, hufanya kazi ambayo nyumbani ingefanywa na mjomba: kumtafutia mwenzao nauli ya msibani, kumsihi aliyetoroka arudi, kusuluhisha walioibiana. Shule iliyoasisiwa na Waanglikana leo ina wavulana wa dini zote vitanda sambamba, na Ramadhani ikifika daku hupikwa, huku wasiofunga wakiendelea kulala. Walio wakali hupewa ukiranja. Kuna kaka mkuu, kuna kiranja wa chakula anayesimama jikoni kupima ugali kwa macho, naye ndiye kiongozi anayechukiwa na kupendwa kuliko wote kutegemea maharage ya siku hiyo.

Upungufu upo. Bweni la wavulana linaweza kuwa mahali pa ukatili, mdogo akafanywa mtumishi wa mkubwa, akakosa pa kusemea. Simu haziruhusiwi, na sababu zake zinaeleweka, lakini kijana asiye na ndugu wa karibu anategemea mwalimu mmoja mwenye simu moja na wanafunzi mamia. Fedha ya matumizi hutumwa kwa mwalimu huyohuyo, anayeandika kwenye daftari na kugawa siku ya Jumamosi. Mwalimu mwema hulibeba jambo hilo kama ibada. Mfumo usiishi kwa kutegemea wema wa mtu mmoja.

Wapo watakaosema shule za bweni zimepitwa na wakati. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004, chini ya Rais Benjamin Mkapa, kila kata ilihimizwa kuwa na sekondari yake, na watoto wengi sasa wanasoma kutwa. Mkapa mwenyewe, mtoto wa Lupaso wilayani Masasi, alipita Ndanda, Kigonsera na Pugu kabla ya Makerere, yaani alilelewa na mabweni tangu udogoni. Shule za kata zimefungua mlango kwa maelfu ambao wasingeona sekondari. Lakini kata za huku ni pana, na mwanafunzi anayeishi mbali anaishia kupanga chumba karibu na shule, kile wanachokiita geto. Geto halina kengele wala kiranja, na jioni hakuna anayeuliza kama umekula. Bweni kwa ugumu wake wote lina mtu wa kukukosa ukichelewa kwenye mstari, na kwa mvulana wa miaka kumi na sita hilo ni ulinzi.

Ninachoomba si kikubwa, na sehemu yake haihitaji bajeti. Wakuu wa shule za bweni ongezeni kwenye fomu nafasi ya majina mawili zaidi: mjomba au ndugu mwingine anayemsomesha, na kwa kijana wa mbali, mlezi anayeishi Masasi aliyekubali kupigiwa simu usiku. Makanisa na misikiti ya mjini inaweza kuwapata walezi hao kwa tangazo moja la wiki. Orodha ya Julai igawanywe: vya lazima siku ya kuripoti, na vinavyoweza kusubiri hadi mnada wa Oktoba. Jembe na rimu vinaweza kusubiri. Godoro na chandarua haviwezi.

Na ninyi viongozi wa AMCOS, mnaokaa kila mwaka kupanga makato ya kila kilo: wekeni kwenye ajenda mkopo mdogo wa shule kwa mwanachama, wa kulipwa msimu ukifunguliwa. Mkulima ana historia ya mauzo kwenye vitabu vyenu, mnajua atavuna nini kuliko benki yoyote. Mkutano mkuu unaofanyika kabla ya msimu ndio mahali pake. Mkichelewa, kangomba hatachelewa. Yeye Julai huwa ameshafika.